Kompyuta Iliyokataa Cheti

Kinyerezi, Dar es Salaam
9 Februari 2025

Dada Eliaichi,

Shikamoo. Nakuandikia Jumapili mchana, nimetoka kanisani sasa hivi, hata shati sijavua. Naomba barua hii ikukute mzima, na mwanao Anaeli naye awe mzima, na kile kikohozi alichoondoka nacho kiwe kimekwisha.

Sie huku tupo. Mama yupo Mbagala, presha imetulia tangu daktari ambadilishie dawa. Bado anaimba kwaya ya akina mama ingawa amegombana na mwalimu wao juu ya kitambaa cha sare. Anasema rangi ile inamfanya aonekane mgonjwa. Mie bado napanga palepale. Mwenye nyumba ametupakia rangi kwa nje tu, ndani tutajijua wenyewe. Umeme unakatika kama kawaida. Mitambo ya kuufua tunaiona kwa macho, lakini umeme wenyewe unatupita juu kwa juu kwenda kwa wengine.

Dada Auleria wa hilo shirika linalowahifadhi amenieleza tena utaratibu wao pale ofisini Mikocheni: huko mliko simu haziruhusiwi, barua zipite mikononi mwake, na mahali pasitajwe. Nimemwelewa. Mie ndiye ninayewatunzia mfumo wao wa kompyuta, wenye majina yenu akina mama wote mliofichwa, na bado sijui wewe uko mkoa gani. Nyumba zenu humo zimeandikwa kwa namba tu, na ukurasa wako sijawahi kuufungua. Nimependa iwe hivyo. Mama ananiuliza kila Jumapili, "Dada yako yuko wapi?" Namwambia sijui, na huwa sidanganyi.

Sasa nikueleze kinachonikera. Wiki iliyopita niliapdeti vifaa vyangu vya kazi kwenye laptopu, zile programu ninazotumia kutengenezea programu nyingine. Ilikuwa kazi ya kawaida, naifanyaga kila baada ya muda. Tangu hapo hakuna kinachokwenda. Mfumo wa akina Auleria hauwaki kabisa kwenye mashine yangu. Kila nikitaka kushusha kipande chochote kutoka intaneti, laptopu inakataa, inasema cheti cha upande wa pili hakiaminiki. Nimefuta nikaweka upya, nimerudisha toleo la zamani, likafanya kazi. Nikaweka jipya, likakataa tena. Wenzangu wananiambia ni mambo ya apdeti, nizime tu huo ukaguzi wa vyeti niendelee na maisha. Sijauzima. Sijui kwa nini, roho imesita.

Dada, jambo la mwisho. Mama anasema hujawahi kumwambia ni nini hasa kilitokea kwako. Hata mie hukuniambia, ulinipigia tu ukasema nije na gari. Ukipenda kusema, sema. Usipopenda, basi.

Mdogo wako,
Brightson


27 Februari 2025

Brightson mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imenifikia juzi pamoja na unga na sabuni. Imekuja imekunjika kama imelaliwa, lakini nimeisoma mara nyingi. Kikohozi cha Anaeli kimekwisha. Ameng'oka jino la mbele na sasa hataki kucheka mbele ya watu. Mwambie mama nimecheka sana habari ya sare. Mwambie pia avae hiyohiyo, asije akatolewa kwenye safu ya mbele.

Hapa tunaishi vizuri. Asubuhi nafundisha watoto wa nyumba hii hesabu, na wengine hawajawahi kukaa darasani. Mchana wenzangu wanashona. Msimamizi wetu ni Bi Naima, mama mtu mzima asiyependa kelele, na getini hafungui mtu mwingine ila yeye. Mwanzoni nilikuwa nashtuka kila bati likigongwa na embe. Sasa nashtuka mara mojamoja.

Nimesoma habari ya kompyuta yako. Nakujua tangu ukiwa unajificha nyuma yangu tukipita kwenye nyumba yenye mbwa. Wewe ukiogopa kitu unazungumza sana juu ya kitu kingine. Ukurasa mzima umeniandikia vyeti. Kwa nini roho imesita? Mimi si mtu wa kompyuta lakini ni mwalimu, nieleze kama unavyomweleza mtoto: huo mlango unakataa nini?

Na kuna jambo umeliruka. Umenitajia mama, umenitajia mwenye nyumba, mpaka mwalimu wa kwaya. Baba Anaeli hukumtaja. Je, huwa anafika pale kwa mama? Nijibu hilo, hata kama jibu ni baya.

Uliloniuliza mwisho sitaliandika. Siyo kwamba sikuamini. Nikiandika nitaliona tena.

Anaeli anakusalimu, anasema mjomba amletee daftari lenye mistari mipana.

Dada yako,
Eliaichi


Kinyerezi
6 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Mie mzima. Shangazi wa Same anasalimu, amevuna mahindi kidogo. Mwenye nyumba anasalimu. Jirani yangu yule wa duka la vinywaji anasalimu, amepata mtoto wa kike.

Naandika nikiwa ofisini kwa Auleria na gari linasubiri nje, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja.

Uliniuliza mlango unakataa nini. Nikarudia swali lako kwa sauti nikiwa peke yangu chumbani, ndipo nikaona sijawahi kuangalia hicho cheti kimetolewa na nani. Sikia. Tovuti yoyote salama hujitambulisha kwanza, kama askari anavyoonyesha kitambulisho kabla hujamfungulia. Kitambulisho lazima kiwe kimetolewa na ofisi inayojulikana. Nilipoangalia, kila tovuti niliyoifungua, hata ya utabiri wa hali ya hewa, ilikuwa inanionyesha kitambulisho kilichotolewa na ofisi moja, na ofisi hiyo haipo duniani.

Maana yake kuna mtu amekaa mlangoni. Mie nikituma kitu anakipokea yeye, anakisoma, halafu ndiyo anakipitisha. Programu zangu za zamani zilimwamini kwa sababu alishajiandikisha ndani ya laptopu yangu kama mtu wa kuaminika. Zile mpya zimekuja na orodha yao nyingine ya watu wa kuaminika, na yeye hayumo, zikamkataa. Nilidhani zimeharibika. Dada, hizo peke yake ndizo zilizokuwa nzima.

Nikatafuta mpaka nikamkuta. Ni programu iliyojipa jina la mashine ya kuchapia, na mie sina mashine ya kuchapia. Inapiga picha za kioo cha laptopu kila mara na kuzituma nje. Iliwekwa Jumapili ya tarehe 19 Januari. Siku hiyo laptopu haikuwa mkononi mwangu. Hilo nitakueleza siku nyingine.

Mwishoni mwa Januari Auleria aliniomba nirekebishe ukurasa wa safari za gari la chakula. Niliufungua. Ulikaa kwenye kioo changu kutwa nzima. Nyumba zenu zimefichwa kwa namba, lakini gari lina mahali linaposhusha mizigo, na pale pameandikwa mji na mtaa.

Nimemwambia Auleria yote. Hakupiga kelele, alikaa tu akashika meza kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Wanahama wote. Kesho." Nikataka kuufuta huo uchafu hapohapo, mwanasheria wao akanikataza: nisiguse, laptopu ikabidhiwe polisi kama ilivyo. Imeshachukuliwa.

Sijui ni nani anazipokea hizo picha. Huenda ni wezi tu wa mitandaoni wanaotafuta namba za benki. Najiambia hivyo tangu asubuhi.

Usitoke nje. Anaeli asicheze getini.

Brightson


23 Machi 2025

Brightson,

Habari za siku nyingi. Barua yako ilichelewa. Ilifika nyumba ile sisi tumeshaondoka, ikazunguka, nimeipata wiki hii katika nyumba hii nyingine. Tuko salama. Anaeli anakula kidogo kuliko zamani lakini anakula.

Hawakuwa wezi wa mitandaoni.

Ilikuwa ile kesho aliyoisema Auleria, ila ilikuwa asubuhi, na gari letu lilikuwa halijafika, wala sisi hatukuwa tumeambiwa lolote. Tulikuwa tunafua uani. Nikasikia mtu anapiga hodi getini, halafu sauti yake. Ile ya upole, anayoongea nayo na wateja dukani.

"Samahani mama, natafuta fundi cherehani, nimeelekezwa nyumba hii."

Nilimshika Anaeli mkono nikaingia naye nyuma ya simtanki la maji. Povu la sabuni lilikuwa bado linanichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Wenzangu waliniangalia mara moja wakaelewa, wakaendelea kufikicha nguo kama hakuna kitu.

Bi Naima akajibu kupitia kijidirisha cha geti. "Fundi gani, baba? Hii ni hosteli ya wanachuo."

"Aa, wanachuo. Wanachuo wana watoto siku hizi? Naona gauni la mtoto kwenye kamba."

Gauni lile la njano alimnunulia yeye mwenyewe.

"La mjukuu wangu," Bi Naima akasema. "Wewe unakuja kwa watu kuhesabu nguo za ndani ya ua? Unaitwa nani?"

Na hapo, Brightson, Anaeli akaitambua sauti. Nikaona uso wake unafunguka. Akavuta pumzi aite. Nikamziba mdomo. Nilimziba mwanangu mdomo kwa mkono wenye sabuni asimwitikie baba yake, na yeye akanitazama kwa macho ambayo sitayasahau, kwa sababu hakuelewa ni nani kati yetu wa kumwogopa.

"Basi mama, samahani," sauti ikasema. "Nitarudi na aliyenielekeza."

Gari la Auleria lilikuja baadaye siku hiyohiyo. Hatukuchukua nguo zilizolowa, tuliziacha kwenye mabeseni.

Sasa nikuulize. Katika barua yako umenipa salamu za shangazi wa Same, za mwenye nyumba, na za jirani muuza vinywaji niliyemwona mara moja maishani. Za mama hukuniletea. Hukumtaja kwa heri wala kwa shari. Nimeigeuza karatasi nikaangalia hata nyuma.

Laptopu yako Jumapili ile ilikuwa kwa nani?

Eliaichi


Kinyerezi
13 Aprili 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara kadhaa nikaichana.

Mama hajambo kimwili. Anakula, anameza dawa zake. Mie na yeye hatuzungumzi vizuri. Naenda Mbagala, napeleka mahitaji, nakaa kidogo, naondoka. Kwaya ameacha kwenda.

Laptopu ilikuwa kwake. Jumapili ile umeme ulikuwa umekatika huku, nikaenda nayo Mbagala nikaiacha kwenye chaji, nikaenda msibani Yombo. Neno la siri mama analijua, nilimfundisha mwenyewe ili aweze kuongea na shangazi kwa picha. Nilipomuuliza hakunificha hata dakika. Alisema, "Alikuja mkwe wangu Leodegar na kijana wa kompyuta. Alisema anataka kukuwekea humo barua yake ya kumwomba msamaha Eliaichi, wewe ukiiona umfikishie. Nikamfungulia."

Nikamuuliza alijuaje kwamba mie ndiye ninayewafanyia kazi hao akina Auleria. Akasema, "Mimi nilimwambia. Kwani ilikuwa siri? Nilijivunia."

Uliuliza kama anafika kwa mama. Anafika, tangu ulipoondoka. Anakuja na mkate na maziwa, anakaa kwenye lile kochi la baba, analia. Mama anampikia. Sikukuandikia kwa sababu nilidhani ukijua hutalala. Ndiyo nilichokificha, hakuna kingine.

Na hapa kwangu amekuja. Jumanne iliyopita, saa za mchana, nimerudi kutoka dukani nikamkuta amekaa kwenye kiti changu nje ya mlango, ameweka mguu juu ya mguu, anazungumza na watoto wa mwenye nyumba. Akainuka, akanipa mkono.

"Shemeji, habari za kazi?"

"Nzuri."

"Nasikia kompyuta yako ilisumbua. Imepona?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote zaidi yenu, polisi, mama na wenzangu wa kazi. Nikamjibu iko kwa fundi. Akacheka, akanipiga bega taratibu, akasema, "Mafundi wa siku hizi uwaangalie. Wanafungua vitu vya watu." Halafu akaaga kwa adabu zote. Tangu siku hiyo mlango naufunga kwa komeo hata nikiwa ndani naoga, na usingizi unakuja asubuhi.

Polisi wanasema hivi: programu ipo, imeonekana, picha zilitumwa kwenye anwani fulani, lakini kinachohitajika ni mtu aliyeona nani aligusa laptopu. Mtu huyo ni mama peke yake. Na mama amekataa kuandikisha maelezo. Anasema, "Siwezi kumpeleka jela baba wa mjukuu wangu kwa sababu ya kompyuta." Nikamwambia kuhusu getini, kuhusu simtanki. Akasema mume kumtafuta mke wake siyo kosa. Kisha akasema: "Amemfanya nini? Niambie wewe. Mtu anaondoka kwake na mtoto, hasemi neno kwa mama yake. Yule mwingine anakuja analia mbele yangu. Nimwamini nani, anayelia au aliyenyamaza?"

Hata mie, dada, hukuniambia. Sijui.

Sikulazimishi. Lakini hadi mama aseme, Leodegar anatembea tu.

Brightson


4 Mei 2025

Brightson,

Nimekaa na barua yako muda mrefu. Watoto wa hapa wapo likizo, kwa hiyo sina pa kujificha na kazi.

Sehemu inayofuata msomee mama. Msomee ukiwa umekaa karibu naye, na dawa zake ziwe mezani. Usiruke chochote.

Mama, shikamoo.

Ilianza siku niliyochelewa kutoka kwenye semina ya walimu. Ilikuwa jioni na jua bado lipo. Nilikuta madirisha yote yamefungwa. Leodegar alikuwa amekaa mezani jikoni, akaniambia, "Kaa, tuongee." Nikakaa. Akainama, akafungua mtungi wa gesi. Jiko hakuliwasha. Aliacha gesi inatoka, akaweka kiberiti mezani kati yetu, akaniuliza nani amenipa lifti.

Nikamwambia nimekuja kwa miguu kutoka kituoni. Akaniuliza tena. Hakupandisha sauti, mama. Ungekuwa sebuleni ungedhani tunapanga ada ya mtoto. Alirudia swali lilelile huku harufu inajaa, na mimi nikimwangalia kidole chake kinavyokigeuza kile kiberiti. Anaeli alikuwa amelala chumba cha pili. Mwishoni nikataja jina. Nilitaja jina la mwalimu mwenzangu ambaye hajawahi kunipa lifti hata siku moja. Nilikiri jambo ambalo halikuwepo ili afunge gesi.

Akaifunga. Akafungua madirisha. Tukakaa mpaka hewa ikasafika, kisha akaniambia niwashe jiko nimchemshie chai. Njiti tatu zilinikatikia mkononi, na yeye akawa ananitazama anatabasamu. Akainywa yote.

Akafanya tena. Nyingine sitazieleza. Ya mwisho tu ndiyo utaisikia: alikwenda kumwamsha Anaeli, akamleta akamkalisha mezani pamoja nasi, akampa kile kiberiti ashike. Akamwambia, "Tunamsubiri mama yako aseme ukweli." Mtoto alidhani ni mchezo. Asubuhi yake nilimpigia Brightson aje na gari.

Sikukwambia kwa sababu niliogopa utaniuliza mimi nilifanya nini mpaka akafika huko. Kila nilipokupigia simu nilikuwa nasikia swali hilo kabla hujaliuliza. Pengine usingeliuliza. Sikutaka kujaribu.

Hakuna alama aliyoniachia mwilini. Hakuna hata moja.

Mwisho wa sehemu ya mama.

Brightson, na wewe ukishasoma usinijie na maneno mengi. Nimeandika haya mchana, Anaeli akiwa anacheza kamba na wenzake, na kila aya nilikuwa nachungulia dirishani kuhesabu kama yupo.

Dada yako,
Eliaichi


Kinyerezi
15 Juni 2025

Dada Eliaichi,

Shikamoo sana. Shangazi wa Same anasalimu. Mama anasalimu, na salamu zake nitazileta mahali pake.

Nilimsomea. Ilikuwa Jumamosi, mchana, tumekaa kwenye mkeka barazani kwa ndani. Nilipofika kwenye mtungi aliniambia ngoja. Nikangoja. Akasema endelea. Nilipofika Anaeli anapewa kiberiti alinyanyuka akaenda jikoni, nikamsikia akihangaika na mtungi wetu, anaukaza ulipokuwa umeshakazwa. Akarudi akasema, "Malizia." Nikamalizia mpaka pale ulipoandika kwamba hakuna alama aliyokuachia.

Hakulia. Mie nilitegemea alie. Alisema, "Alikula hapa. Nilimpikia makande, akaniomba aongezewe." Baadaye kidogo akasema, "Ningemuuliza. Anamjua mama yake. Kweli ningemuuliza alifanya nini." Halafu akavaa viatu vya kanisani, akafunga kilemba, akaniambia, "Twende huko polisi kabla sijaanza kuogopa."

Lakini alishaanza. Alinishika mkono njia nzima mpaka vidole vikafa ganzi. Pale Dawati la Jinsia alimweleza askari wa kike kila kitu: nani alifika, alivaa nini, kijana alikaa wapi, yeye mwenyewe alivyoandika neno la siri kwa kidole kimoja. Askari akamuuliza kama anajua anamshtaki mkwewe. Mama akasema, "Najua. Andika."

Yule kijana wa kompyuta alikamatwa kwanza, akasema yote siku ileile, alivyoweka ile programu na aliyemwagiza ni nani. Leodegar alikamatwa dukani kwake. Wazee wawili wa upande wao walikuja Mbagala kumwomba mama afute maelezo, mambo yamalizwe kifamilia. Mama hakuwafungulia geti. Alizungumza nao akiwa ndani, nao wakiwa juani, mpaka wakachoka. Walipoondoka alikaa chini palepale nyuma ya geti. Nilimkuta bado amekaa.

Kesi imesomwa. Dhamana imezuiwa kwa sasa. Hilo neno "kwa sasa" mwanasheria amelirudia mara nyingi na mie nalirudia ili usije ukalegea. Auleria anasema msihame tena, ila utaratibu wa simu na barua ubaki vilevile mpaka hukumu. Safari za magari hawaziandiki tena kwenye kompyuta, dereva anaambiwa kwa mdomo. Mie nimepewa laptopu nyingine, nimeijenga upya kutoka mwanzo na haijawahi kutoka ndani ya ofisi yao. Mfumo unawaka. Kila ukiwaka vizuri mara ya kwanza bila kukataa kitu, naogopa, nakwenda kuangalia vyeti kimoja kimoja.

Auleria aliniambia kwamba kwa kuwa mama ni shahidi, wanaweza kumpangia aonane na wewe mara moja, mahali pa tatu, kwa ulinzi. Nilifurahi nikakimbilia Mbagala kumwambia. Nilidhani ataanza kufunga mizigo palepale, maana unakumbuka alivyokuwa ananiuliza kila Jumapili.

Akanisikiliza, akakaa, akatikisa kichwa. Akasema, "Si sasa. Huyo akitoka rumande atakuja kwangu kwanza, na atakuja na mkate." Alinisindikiza mpaka getini. Alikuwa anashika komeo, anaachia, anashika tena. Mwisho akanivuta karibu kama ananinong'oneza kanisani, akasema hizi ndizo salamu zake, nikufikishie kama zilivyo:

"Mwambie nampenda. Na wewe ukija kujua alipo, usiniambie. Hata nikiumwa. Hata nikikulilia."

Mdogo wako,
Brightson